Ghala limejaa, mtoto kadumaa: je, kosa ni la mama?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji mkoani Njombe. Huku kwetu mahindi hayakosekani, viazi tunauza mpaka Dar es Salaam, maharage yapo, parachichi zinaozea chini ya miti. Lakini kila kikao tunaambiwa mkoa wetu uko juu kwa udumavu wa watoto. Juzi kiongozi mmoja alisimama mkutanoni akasema chanzo ni uzembe wa akina mama na pombe ya ulanzi. Mke wangu alikuwepo. Usiku akaniuliza, "Mimi nalala saa ngapi hata niitwe mzembe?" Nikakosa jibu. Naomba unieleze: ni kweli kosa ni la akina mama? Kama si lao, serikali inahusika vipi na bakuli la mtoto? Na hiyo shilingi elfu moja ya lishe tunayoisikia, inakwenda wapi?

Jibu: Ndugu mwenyekiti, mpe shemeji salamu zangu, na umwambie swali lake lina uzito kuliko hotuba yote aliyoisikia siku ile. Akina mama wa Njombe si wazembe. Nimeshughulika na lishe ya jamii vya kutosha kulisema hilo bila kupepesa macho, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na takwimu, kwa kuwa ndizo zinazotumika kuwasema. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa ilikuwa kama asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Ndiyo mikoa inayolisha nchi. Kitaifa tumeshuka: mwaka 2010 tulikuwa asilimia 42, mwaka 2015/16 tukawa 34. Sasa jiulize, kama shida ni tabia ya mama, imekuwaje tabia hiyo ikusanyike kwenye mikoa yenye mahindi mengi na kazi nyingi za shamba? Mtu anayetafuta sababu hiyo atazame siku ya mwanamke wa huko tangu asubuhi.

Chukua mwezi wa Desemba, palizi ikiwa imepamba moto. Mama anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anakoka moto, anapika uji, anaondoka na jembe. Mtoto wa miezi tisa ama yuko mgongoni juani, ama amebaki na dada yake wa miaka minane. Uji ni wa sembe tupu, umewekwa kwenye chupa ya chai, mwepesi ili umiminike. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama robo lita tu kwa mara moja, na robo lita ya uji ule sehemu kubwa ni maji. Kwa umri huo mtoto anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, tena chakula kizito chenye maharage, yai, dagaa, mboga au parachichi, juu ya maziwa ya mama. Anakula asubuhi na jioni. Ghalani kuna magunia ishirini, lakini kati ya gunia na mdomo wa mtoto lazima awepo mtu mwenye muda, na muda huo mama amekwishautoa shambani.

Hapo ndipo sera inapoingia, mwenyekiti. Watu wakisikia sera hudhani ni vitabu vya Dodoma. Mimi naiona kwenye saa za shemeji. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imewasaidia wakulima wengi, na ghala la hifadhi ya chakula pale Makambako linanunua mahindi yenu. Sipingi hata kimoja. Lakini mafanikio ya kilimo yanahesabiwa kwa tani. Hakuna fomu ya afisa kilimo inayouliza mwanamke ameongezewa saa ngapi za palizi, wala fedha ya mauzo imeshikwa na nani. Ekari ikiongezeka, viazi au parachichi za kibiashara zikiongezeka, mikono inayopalilia ni ile ile, na fedha ya mauzo mara nyingi inaingia mfuko wa baba kwa mkupuo. Mayai yanauzwa ili kununua sabuni. Kaya inapanda kipato na mtoto anabaki na uji ule ule. Ongeza na hili: Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyoumizwa zaidi na Ukimwi nchini, zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi anaishi na virusi, hivyo nyumba nyingi analea bibi ambaye naye analima.

Tazama na sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Wizara ya Afya, kwa upande wake, inafundisha kliniki zote kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Mwalimu na karani wanabanwa katikati ya maagizo hayo mawili. Kibarua wa shamba la chai anayelipwa kwa kilo za majani alizochuma, au mkulima kama shemeji, hana hata hizo 84. Likizo yake ya uzazi inategemea huruma ya mume na mama mkwe.

Ulanzi upo, sikatai. Pombe haifai kwa mjamzito, na mtoto hapaswi kuonjeshwa hata tone. Lakini sina sababu ya kuamini kwamba ulanzi peke yake umedumaza nusu ya watoto wa mkoa, na kiongozi anayeutaja kwanza anajiondolea kazi ya kueleza bajeti yake.

Wazee wako watakumbuka goita. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa watu wenye uvimbe wa shingo, kwa sababu udongo wenu una upungufu wa madini joto, na upungufu huo huo uliharibu akili za watoto tangu tumboni. Hakuna aliyewapanga akina mama mstari akawaita wazembe wa shingo. Katika miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, wakaguzi wakaifuatilia, na kizazi kilichofuata hakikuziona tena zile shingo kama zamani. Mama alinunua chumvi dukani kama siku zote. Uamuzi ulifanyika mbali na jiko lake, nao ukafika ndani ya chungu.

Kuna historia nyingine ya kwenu ambayo vijana wengi hawaijui. Kati ya mwaka 1983 na 1988, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka kijijini hapo hapo, na matokeo hayakupakiwa kwenye gari kwenda mjini: yaliwekwa mezani mbele ya serikali ya kijiji. Mtoto wa nyumba fulani ameshuka, kwa nini? Mama anaumwa? Wamehama shamba? Kuna kuhara? Nani aende, lini, na afanye nini? Wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa, vituo vya kulishia watoto vikafunguliwa wakati wa kilimo, na akina mama wakakumbushwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Mwanzoni zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu. Mwaka 1988 walikuwa asilimia 38 hivi. Wale wenye hali mbaya kabisa walishuka kutoka kama asilimia 6 hadi chini ya 2. Mfumo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990 kueleza sababu za utapiamlo, unaofundishwa leo vyuo vingi duniani, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ile ya vijiji vya Iringa.

Niongeze neno kuhusu kimea, maana ni kitu ambacho shemeji anaweza kukifanya wiki hii. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote siku mbili au tatu, unakaushwa juani, unaondolewa vimizizi, unasagwa. Unapika uji mzito kama ugali laini, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kidogo cha unga wa kimea, unakoroga. Dakika chache tu uji unalegea wenyewe bila kuongeza maji, kisha unauchemsha tena kidogo. Mtoto sasa anakunywa robo lita ile ile, lakini yenye unga mwingi zaidi ndani yake. Kwa wale wanaotengeneza unga wa lishe, tumieni nafaka moja na kunde moja, zilizochambuliwa vizuri na kukaushwa. Mchanganyiko wa vitu sita au saba ni mgumu kwa tumbo la mtoto, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Hata pale isipoua, utafiti uliofanyika Rombo uliwakuta watoto waliokula sumu za ukungu wa mahindi kupita kiwango wakiwa wafupi kwa zaidi ya sentimita moja wanapotimiza mwaka. Nani anayekagua mahindi yanayokwenda mashine ya kijijini kwenu?

Kwa nini mafanikio ya Iringa hayakudumu? Fedha za wafadhili zilikwisha, na wakati huo huo nchi ilikuwa ikifunga mkanda wa mageuzi ya uchumi. Kuchangia gharama za matibabu kukaingia miaka ya 1990. Upimaji wa kijiji ukafifia. Na kuna jambo la kitaalamu: mpango ule ulipima uzito, haukupima urefu. Kasoro hiyo tunayo mpaka leo kwenye kliniki nyingi. Tuseme kuna binti wa miaka miwili kamili. Anawekwa kwenye mizani: kilo 9 na nusu. Nesi anaweka nukta kwenye kadi, nukta inaangukia njia ya kijani, mama anaambiwa anaendelea vizuri, anarudi nyumbani amefurahi. Sasa mlaze kwenye ubao wa kupimia urefu: sentimita 78. Binti wa umri huo kwa kawaida ni sentimita 86, na akiwa chini ya 80 tunamwita amedumaa. Huyu ana urefu wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Kijani ile imemficha. Ndiyo maana mwaka 2022 watoto wenye uzito pungufu kitaifa walikuwa asilimia 12 tu wakati waliodumaa ni 30. Ubao wa urefu si kifaa cha gharama kubwa. Kama zahanati yenu haina, au unao umeegemezwa stoo, hilo ni suala la bajeti, na bajeti ina mwenyewe.

Kwa wanaodhani mambo haya ni ya maskini wa Afrika tu, nitoe mfano mmoja wa mbali. Mwaka 2021 Marekani iliamua kuzitumia familia nyingi fedha za watoto kila mwezi, Julai mpaka Desemba, hadi dola 300 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka sita. Kwa kipimo chao cha umaskini kinachohesabu na misaada ya serikali, watoto maskini wakashuka hadi asilimia 5.2. Bunge lao halikuongeza muda. Mwaka 2022 kiwango kikawa asilimia 12.4. Akina mama wa kule hawakugeuka wavivu ndani ya miezi kumi na miwili.

Kwetu kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wa kunusuru kaya maskini unatoa ruzuku, na kaya yenye mtoto mdogo inatakiwa kumpeleka kliniki. Kabla haujaenea nchi nzima ulijaribiwa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010. Tathmini ilionyesha kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wao walikuwa na viatu kuliko wa kaya nyingine. Viatu si jambo dogo. Minyoo ya safura huingilia kwenye nyayo, hunyonya damu, na zaidi ya nusu ya watoto wetu wadogo wana upungufu wa damu. Malalamiko yangu kwa TASAF ni mawili: malipo yakichelewa, mama aliyekopa unga kwa kuyategemea anaingia kwenye deni, na sharti la kliniki linamwadhibu mama pale zahanati inapokuwa haina chanjo wala dawa. Sera yetu inasema matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure. Mama akiambiwa "dawa hakuna, kanunue duka la nje", ile bure imeishia mlangoni.

Unga nao una sera yake. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji waongeze virutubisho kwenye unga na mafuta ya kula. Kwa ngano na mafuta kazi ilikuwa nyepesi, viwanda vikubwa vinahesabika. Mahindi yenu yanasagwa kwenye mashine za mitaani zisizo na idadi, tena yanakobolewa kwanza, kiini na pumba zenye vitamini zinakwenda kwa nguruwe, sembe nyeupe inakwenda kwa mtoto. Vipo vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine ya kusaga na kudondosha virutubisho kidogo kidogo unga ukitoka. Halmashauri inaweza kumwezesha mwenye mashine badala ya kumtoza ushuru tu. Rwanda imekwenda mbali zaidi: kaya maskini zenye mtoto mchanga au mjamzito zinagawiwa bure unga uliorutubishwa, Shisha Kibondo. Udumavu wao ulishuka kutoka asilimia 38 mwaka 2014/15 hadi 33 mwaka 2019/20. Unga haukufanya kazi hiyo peke yake, lakini haukumngoja mama awe na fedha.

Sasa shilingi elfu moja yako. Serikali iliagiza kila halmashauri itenge walau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka mapato ya ndani. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais. Mwaka 2022, akiwa Rais, ukasainiwa mwingine. Fedha hiyo haigawiwi mkononi. Kwa bei za leo ni mayai mawili matatu. Ni ya shughuli: mafunzo ya wahudumu wa afya wa jamii, usimamizi, vifaa, matone ya vitamini A na dawa za minyoo yanayotolewa mara mbili kwa mwaka, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayotakiwa kufanyika kila robo. Halmashauri yenye watoto 20,000 inapaswa kuwa na shilingi milioni 20. Kutenga ni hatua moja, kutoa ni nyingine, na kati ya hizo mbili fedha za watoto hupotea njia: robo ya kwanza makusanyo hayajakaa sawa, robo ya pili kuna ziara, robo ya nne mwaka unafungwa. Fedha ikitoka Juni haiwezi kumsaidia mtoto wa Desemba. Tena nyingine huishia kwenye posho za vikao vya kujadili lishe. Na hata ikitoka yote, shilingi elfu ni ndogo mno kwa ukubwa wa tatizo. Hilo wabunge wetu walisikie.

Una haki ya kuuliza, tena una wajibu. Mkutano mkuu wa kijiji lazima usomewe mapato na matumizi, na kadi alama ya lishe ya halmashauri, inayoonyesha shughuli za lishe zinavyotekelezwa, si siri. Kwenye mkutano ujao usisimame kulalamika kwa ujumla, maana utajibiwa kwa ujumla. Uliza: robo iliyopita halmashauri ilitenga shilingi ngapi za lishe, ikatoa ngapi, tarehe ngapi, kijiji chetu kilipata nini? Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ilifanyika lini mara ya mwisho, na watoto wangapi walipimwa urefu? Majina ya watoto waliokutwa na hali mbaya yako kwa nani, na nani aliwatembelea? Hayo yanajibiwa kwa namba na tarehe.

La pili ni kituo cha kulelea watoto mchana wakati wa kilimo. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inahimiza vituo vya jamii, na babu zenu waliviona vikifanya kazi miaka ya 1980. Kitongoji kinahitaji chumba kikavu, choo, maji, walezi wawili ambao mashamba yao yatapaliliwa na wenzao, na kila kaya ilete debe la mahindi na sado ya maharage baada ya mavuno. Akina baba walete kuni na maji, na mpitishe hilo kwa majina. Kwa mtazamo wangu, hakuna jambo lililo ndani ya uwezo wenu litakaloongeza milo ya mtoto upesi kuliko hili, kwa sababu linarudisha kile kilichokosekana: mtu mzima karibu na bakuli saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Ushuru wa mazao mnaoulipa ni mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo elfu moja hiyo imetoka mifukoni mwenu. Bajeti mpya inaanza Julai, lakini maoni ya vijiji yanatakiwa mapema, tangu miezi ya mwisho ya mwaka. Andikeni ubao wa urefu, kituo cha watoto na kifaa cha mashine ya kusaga kama maombi matatu tofauti, kila moja na gharama yake, yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, upigwe muhuri. Nakala moja mpe diwani mkononi, nyingine iende kamati ya maendeleo ya kata, ya tatu kwa afisa lishe wa wilaya, na shemeji awe mmoja wa wanaozipeleka.